Skana yangu "ya kidijitali" inasukutua maji: wauzaji, neno simulikasti linawachoma mdomo?

Wakuu, heshima zenu.

Nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme, na nitasema kirefu. Mwenye haraka apite.

Juzi usiku magari mawili ya zimamoto yamepita chini ya dirisha langu, ving'ora juu. Nikainyakua skana, redio yangu ya kusikilizia mawasiliano ya zimamoto na wenzao. Alama za mawimbi zimejaa, zote tano. Jina la kundi la mazungumzo limetokea kwenye kioo kama kawaida. Nikasikia: "...tumefika, moshi unatoka ghorofa ya..." halafu bulubulubulu, roboti anasukutua maji. Kimya. Kisha mtu wa pili, sauti safi kabisa: "Nimekupata." Yeye kapata. Mimi niliyejinyima miezi minne kununua hiki kidude sijapata. Ghorofa ya ngapi, sijui mpaka leo.

Hiyo ndiyo hali yangu tangu siku ya kwanza. Kila sentensi inakatwa pale pale penye utamu.

Kwa wageni wa mambo haya nieleze kidogo. Zamani zimamoto walikuwa na masafa yao. Ukiyaingiza kwenye skana unakaa unasikiliza, basi. Siku hizi wako kwenye mfumo wa tranki, yaani wa kugawana chaneli, na humo hakuna masafa ya mtu. Kuna chaneli kadhaa za wote, na kuna chaneli moja ya udhibiti inayonguruma mfululizo usiku na mchana, ikigawa kazi: kundi hili nendeni huku, kundi lile nendeni kule. Askari akibonyeza kitufe aongee, kompyuta inamtafutia chaneli iliyo tupu. Akimaliza, inanyang'anywa na kupewa mwingine. Skana ya tranki inasoma chaneli ya udhibiti na kukimbilia mazungumzo yalikohamia. Yangu inakimbia vizuri tu, sina neno. Shida ni kwamba ikishafika haielewi kinachosemwa.

Najua kuna atakayeandika, "Mkuu, hao watakuwa wamefunga mazungumzo kwa msimbo wa siri." Hapana. Waliofunga nawajua. Mazungumzo yakiwa yamesimbwa skana inakuonyesha au inakaa kimya, haikupi nusu sentensi. Polisi wamefunga na sina ugomvi nao. Miji mikubwa ya Marekani nayo inaelekea huko huko, Denver walifunga 2019, na Chicago wao wakaja na utaratibu wa kurusha kwa umma baada ya kuchelewesha dakika 30. Hiyo ni mada nyingine na uzi wake mwingine. Mimi nalia na kilicho wazi. Zimamoto wako wazi, gari za wagonjwa ziko wazi, mlango uko wazi na mimi nimesimama kizingitini nasikia mabulubulu.

Na kabla mawakili wa jukwaa hawajafika: ndiyo, najua sheria zinatofautiana. Uingereza kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu ni kosa hata kama hayajafungwa. Marekani, mawasiliano ya usalama wa umma yaliyo wazi kwa ujumla ni ruksa, ila yako majimbo yanayobana kuwa na skana ndani ya gari. Kila mtu aangalie ya kwake. Tuendelee.

Sasa sikilizeni sakata la muuzaji. Simtaji jina, msiniulize kwenye ujumbe binafsi.

Kwenye boksi imeandikwa Project 25 (kiwango cha redio za kidijitali za zimamoto, polisi na wenzao), Awamu ya 1 na Awamu ya 2, tranki, dijitali. Kila neno ni kweli! Hapo ndipo hasira inaponipanda, kwamba hata siwezi kusema nimedanganywa. Nilimwandikia kwamba sauti inakatika. Akajibu: eneo lako lina mawimbi hafifu, nunua antena kubwa. Nikamtumia picha ya kioo, alama tano zimejaa. Akajibu: sasisha programu ya skana. Nikasasisha. Bulubulu. Akajibu: weka antena juu ya paa.

Wakuu, nilipanda paani. Mtu mzima na kitambi chake, waya begani, jirani amesimama chini anauliza kama nimemwita fundi au mimi ndiye fundi. Nikafunga antena, nikashuka, nikawasha. Ikawa mbaya zaidi! Mwanzo nilikuwa napata nusu ya maneno, sasa sipati hata "nimekupata."

Nilikaa chini nikaanza kusoma mwenyewe, na ndipo nikakutana na neno ambalo halipo kwenye boksi, halipo kwenye kitabu cha maelekezo, na muuzaji hakulitamka hata mara moja katika barua kumi na moja: simulikasti.

Maana yake ni hii. Mfumo mkubwa wa eneo zima hauna mnara mmoja. Una sita, nane, na zaidi, na yote inarusha kitu kilekile, kwenye masafa yaleyale, kwa wakati mmoja, saa zake zikisawazishwa kwa GPS. Kwa zimamoto ni jambo la maana sana, kwa sababu redio ya mkononi inasikika hata ndani ya jengo, na chaneli hazipotei bure. Lakini wimbi la redio linakwenda kama mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mnara ulio kilomita 5 kutoka kwangu na ulio kilomita 20 haiwezi kunifikia pamoja. Wa pili unachelewa sehemu 50 za milioni za sekunde. Utasema hiyo si kitu. Ni kitu. Project 25 ya Awamu ya 1 inatuma simboli (vipande vya data) 4,800 kwa sekunde, kila simboli inachukua kama sehemu 208 tu za milioni za sekunde. Kwa hiyo simboli ya mnara wa mbali inaingia ikiwa imekanyaga robo nzima ya ile inayofuata kutoka mnara wa karibu. Awamu ya 2, inayobana mazungumzo mawili kwenye chaneli moja ya kilohertz 12.5, ina simboli fupi zaidi, 6,000 kwa sekunde, kwa hiyo inakanyagana zaidi.

Sasa unaelewa paa lilivyoniponza. Chini, ukuta ulikuwa unanificha baadhi ya minara. Juu nikawaona wote, na wote wananipigia kelele kwa nguvu inayokaribiana. Zile alama tano zinapima nguvu tu. Watu sita wakikufokea sentensi moja kwa kupishana kidogo, kelele ni nyingi na maneno huyapati.

Redio za zimamoto wenyewe zimetengenezwa kwa kujua hili. Mawimbi ya simulikasti mara nyingi yanabeba habari kwa awamu ya wimbi (pale lilipofika katika mzunguko wake, si ile Awamu ya 1 au ya 2) na kwa ukubwa wa wimbi pia. Skana ya mtindo wa zamani, kama yangu, ndani yake ni redio ya FM iliyobandikwa kompyuta nyuma: inakata ukubwa wa wimbi, inatupa, halafu inajaribu kukisia kilichobaki. Inatupa nusu ya barua halafu inalalamika mwandiko haueleweki.

Jaribio la mwisho nimelifanya jana na bado sijui nicheke au nilie. Kuna mtu aliandika mahali kwamba ukiwa umezingirwa na minara, punguza mawimbi badala ya kuongeza. Nikang'oa antena. Nikachukua klipu ya karatasi, hii hii ya kubania fomu, nikainyoosha mguu mmoja nikauchomeka kwenye tundu la katikati pale antena inapokaa. Alama zikashuka kutoka tano hadi mbili. Sauti ikaja safi! Minara ya mbali imezama kwenye kelele, wa karibu amebaki peke yake anaongea. Nimesikiliza dakika nne nzima bila roboti. Nimesikia mtu akiomba ngazi, mwenzake akimjibu iko njiani, wakarudiana, hadi mwisho. Dakika nne! Tangu ninunue sijawahi.

Kisha nikasogeza skana nimpishe paka dirishani, shubiri moja tu, bulubulu ikarudi. Kwenye masafa ya megahertz 850 na ushee urefu wa wimbi ni kama sentimita 35, kwa hiyo kusogea sehemu yake tu kunatosha kuhama kutoka penye heri hadi penye shari. Nimeweka alama kwa kalamu kwenye ubao wa dirisha la bafu. Skana ya akiba ya miezi minne, inafanya kazi bafuni, juu ya alama ya kalamu, kwa klipu ya karatasi.

Lililonimaliza kabisa ni hili: kijana mmoja kaniazima kile kijidude cha USB chenye chipu ya RTL2832U. Ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni kwenye kompyuta; ilikuja kujulikana kwa wengi mwaka 2012 kwamba kinaweza kuwa redio ya kupokea karibu kila kitu. Nimekichomeka kwenye laptopu, nikaweka programu ya bure, SDRTrunk. Ilinichosha kuipanga, sitadanganya, na kijidude kimoja kinaona kipande cha megahertz 2.4 tu, mfumo ukitawanyika zaidi ya hapo unahitaji viwili. Lakini programu inapokea wimbi zima, ukubwa na awamu, haijatupa kitu. Zimamoto hawa hapa, wazi. Kidude cha kutazamia mpira kinashinda skana iliyotengenezwa kwa kazi hii na hii peke yake.

Na msiniambie tatizo halikujulikana. Uniden, kampuni ya skana, walitoa SDS100 mwaka 2018, skana ya mkononi inayopokea kwa mtindo huo huo wa programu, na simulikasti ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya watu kuipigania. Yangu nimeinunua miaka mingi baada ya hapo, mpya, ndani ya nailoni. Muuzaji alijua. Alipoona neno "alama tano zimejaa na bado inakatika" alijua kabisa ninaumwa nini, akaniuzia antena.

Ndiyo, hiyo antena nilinunua kwake. Sikutaka kulisema.

Ombi langu kwenu wauzaji mnaopita humu, na najua mnapita: mteja akitaja mfumo wake, mwulizeni kwanza kama ni simulikasti. Ni swali moja. Kama chombo chenu hakiwezi, andikeni hakiwezi, kwa herufi zile zile mlizoandikia "DIJITALI." Kuna watu watakinunua hivyo hivyo kwa sababu mfumo wao una mnara mmoja na kwao kitapiga kazi vizuri tu.

Wajuvi, nina maswali mawili. Kuna aliyewahi kurudisha skana kwa sababu hii akakubaliwa, na alitumia hoja gani? Na aliyejaribu antena ya yagi ya kuelekeza kwenye mnara mmoja, je, iliua minara ya nyuma kweli au ilipunguza tu? Kwangu wa karibu uko kaskazini na mitatu iko nyuma yake karibu mstari mmoja, hapo ndipo nasita.

Picha ya klipu naiweka kesho kukiwa na mwanga. Na anayetaka kuniambia nipandishe antena juu zaidi, tafadhali arudi asome pale penye paa na jirani.