Herufi "b" ya "debt" ilitoka wapi?

Kalamu_Nyeusi: Wakuu, neno la Kiingereza "debt" (deni) huandikwa kwa b lakini hutamkwa "det". Je, b hiyo ilitamkwa zamani ikafifia, kama k ya "knee"? Na kama asili ni Kilatini, mbona Wafaransa huandika "dette"?

Mzizi: Hapana mkuu. K ya "knee" ilitamkwa kweli. Hii b iliongezwa kwa kalamu.

Kilatini kilikuwa na "debere", yaani kuwiwa, ambalo ni "de" na "habere" yaliyobanwa pamoja: kuwa na kitu kilichotoka kwa mwingine. Kinachodaiwa kikaitwa "debitum", wingi "debita". Vinywani mwa Wafaransa b ikamezwa, likabaki "dete" au "dette", na Waingereza wakalipokea likiwa hivyo hivyo. Karne ya 15 na 16 wasomi wa Kilatini wakairudisha b kwenye maandishi ili asili ionekane. Wafaransa nao waliandika "debte" kwa muda, kisha wakaiacha. "Doubt" (shaka) lina historia hiyo hiyo, kutoka "dubitare" la Kilatini.

Sarufi77: Naongeza. Wapo waliotaka b hizo zitamkwe kabisa. Katika tamthilia ya Shakespeare, Love's Labour's Lost, iliyochapishwa 1598, mwalimu Holofernes anawalaumu wanaosema "det" badala ya kuitamka b. Kwa "debt" jambo hilo halikushika, lakini kwingine lilishika: "parfit" likawa "perfect" na c ikatamkwa, "faute" likawa "fault" na l ikatamkwa. Kwa hiyo usikisie matamshi kutokana na tahajia.

Mzizi: Sawa kabisa. Na wasomi hao walikosea pia, hapo ndipo wengi hunaswa. "Island" (kisiwa) si neno la Kilatini: Kiingereza cha kale kilisema "igland". S ilipachikwa kwa kulifananisha na "isle", ambalo kweli limetoka "insula" la Kilatini. Ukitaka uhakika, anza na tahajia kongwe zaidi ya neno lenyewe, kisha umbo la Kifaransa cha kale, Kilatini mwishoni. Ukianzia Kilatini utaona undugu usiokuwepo.

Kalamu_Nyeusi: Nimeelewa. Basi p ya "receipt" nayo ni ya kalamu?

Sarufi77: Ndiyo, kutoka "recepta" la Kilatini. "Deceit" na "conceit" ni za ukoo huo huo wa "capere", yaani kushika kwa Kilatini, ila p haikuzishika. Kiswahili kililichukua "receipt" kwa sikio, ndiyo maana tunasema "risiti".