Jengo la kale limekuwa gofu, mwenye kiwanja anataka ghorofa 20: libomolewe?

Mkaa Dirishani: Wadau, tulijadili hili bila kulindana. Jengo lina zaidi ya miaka mia, limo kwenye orodha ya urithi, haliguswi. Paa limeingia ndani, wapangaji waliobaki ni popo. Mwenye kiwanja anataka ghorofa 20. Mimi nasema libomolewe, orodha haizuii mvua. Tena wengi wanaolilia kuta za chokaa hawajawahi kulala ndani yake. Chokaa ilikuwa ya watu wasio na saruji, basi.

Nyundo na Mwiko: Hapo mwisho umenichoma. Nimeshika mwiko miaka 20. Ukuta wa mawe ya matumbawe unanyonya maji na kuyatoa. Chokaa inayaacha yapite, saruji inayafungia ndani. Chumvi inaganda humo humo na jiwe linaanza kumeguka. Majengo mengi mnayoyaita magofu yaliuawa na mtu aliyekuja na plasta ya saruji akidhani anasaidia.

Tumaini: Turudi kwenye mada. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya Sultani Barghash, 1883. Mji Mkongwe wote uko kwenye orodha ya UNESCO, na bado sehemu kubwa ya jengo iliporomoka 2019. Orodha imesaidia nini?

Mpima Viwanja: Ni tarehe 25 Desemba 2020, ndugu yangu, tena likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili walikufa. Ukitaja msiba, utaje sawasawa. Halafu tusidhani njia ni mbili tu. New York walianza kubomoa stesheni ya treni ya Penn Station mwaka 1963, watu wakaumia moyoni, sheria ya kulinda majengo ikaja 1965. Wenye stesheni nyingine, Grand Central, walipotaka kuweka mnara wa ghorofa 55 juu yake, walishindwa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, 1978. Lakini hawakuachwa mikono mitupu: ile haki ya kujenga juu ambayo hawakuitumia waliruhusiwa kuihamishia viwanja vya jirani. Mnara unapanda kwingine, jengo la kale linabaki, na mwenyewe anapata fedha.

Mkaa Dirishani: Nyundo, miaka 20 ya mwiko haikufanyi mhandisi. Ghorofa 20 utazisimamisha kwa chokaa?

Nyundo na Mwiko: Nani kasema ghorofa? Nenda kaangalie kuba la Pantheon, hekalu la kale kule Roma. Upana mita 43, nondo hakuna hata moja, na lina karibu miaka 1,900. Chokaa hiyo.

Mpima Viwanja: Chokaa na majivu ya volkano, fundi. Usitupunje.

Nyundo na Mwiko: Sawa, majivu yalikuwemo. Saruji ya kiwandani haikuwemo.

Mama Wawili: Nimesoma yote nikiwa na hasira. Mkaa, mimi nimelala ndani ya kuta hizo miaka 11, na wanangu wote wawili wamezaliwa humo. Vigae viwili vilihama juu ya ngazi. Viwili tu. Tukamwambia mwenye nyumba, akasema tusubiri. Misimu mitatu ya mvua ikapita, boriti zikaoza, akaja na mtu wa kupiga picha na karatasi imeandikwa kwamba jengo ni hatari kwa maisha. Tukatolewa. Lile halikuwa gofu, lilifanywa gofu. Unasema orodha haizuii mvua. Vigae viwili vingeizuia.

Mkaa Dirishani: Pole sana, mama. Nililosema kuhusu kulala ndani nalifuta. Lakini nauliza: limeshaoza, sasa tufanyeje? Akinyimwa kibali litawaangukia wapita njia.

Mpima Viwanja: Na akipewa, kila mwenye jengo la kale ataacha vigae vihame. Kuoza kutakuwa ndiyo kibali chenyewe. Mimi ningempa ruhusa ya kujenga kwa kimo kile kile cha jengo alilolitelekeza, asizidishe hata dirisha moja. Uingereza sheria ya 1990 inairuhusu halmashauri ifanye matengenezo ya dharura kwenye jengo linalolindwa, kisha imdai mwenyewe gharama.

Tumaini: Halmashauri nyingine hazina hata fedha za kuzoa taka. Zitaezeka majumba ya watu?

Mpima Viwanja: Kuezeka vigae viwili, Tumaini. Soma alichoandika mama.

Mama Wawili: Fundi Nyundo, samahani natoka nje kidogo. Ninapokaa sasa ni nyumba ya mawe pia. Ukuta wa chumba cha watoto unatoa unga mweupe, umepigwa plasta mara mbili na inabanduka.

Nyundo na Mwiko: Plasta ya saruji?

Mama Wawili: Ndiyo.

Nyundo na Mwiko: Na ya tatu itabanduka. Kwanza tafuteni maji yanakotoka, juu au chini. Kisha ikwanguliwe yote mpaka kwenye jiwe, msiifunike, ukuta uachwe ukauke kabisa. Hiyo si kazi ya wiki moja. Unga ukitoka tena, upanguseni kwa brashi kavu, msiuoshe kwa maji. Ukikoma ndipo mpige chokaa na mchanga, tabaka jembamba jembamba. Mkaa atasema ni mambo ya zamani.

Mkaa Dirishani: Sisemi kitu. Endelea, fundi. Mchanga kiasi gani?