Igizo Letu Shangani: Jumamosi Baada ya Alasiri

JUMATANO

Somoe, 18:41
Assalam alaykum wanakikundi. Jumamosi baada ya alasiri tunarekodi sehemu ya saba, uani kwa Bibi Esha. Karatasi nimetuma tangu juzi. Aliyesoma aseme amesoma.

Somoe, 19:20
Naona mmefungua wote. Semeni basi.

Mfaume, 19:26
Nimesoma dada. Ila huyo Sauda ni mke wa Rais, anapanda bajaji kwenda kupeleleza, walinzi wamekwenda kula ming'oko? 😂

Somoe, 19:28
Walinzi ndio wanaompelekea mumewe habari, ndiyo maana anawatoroka. Ipo ukurasa wa pili. Hujasoma wewe.

Zuhura, 19:44
Mimi nimeishia pale kwenye fomu ya mali. Sikuelewa kwa nini anakaa chini ghafla.

Somoe, 19:52
Zuhura, hapo ndipo penyewe! Sauda alikuwa mpelelezi wa kujitegemea kabla ya kuingia Ikulu. Mjane wa karani wa ghala kamfuata, anataka kujua mumewe kafa vipi. Sauda anafuata makaratasi. Korosho zimepimwa kwenye chama cha ushirika, zimepakiwa kwenye lori, ghala kuu hazikufika zote, lakini stakabadhi zimetoka kamili na mnada umepigwa. Pengo lote wameliandika unyaufu, yaani eti zimekauka uzito ukapungua. Karani alikataa kusaini. Sasa Sauda anatafuta mwenye ghala, anakuta limeandikishwa kwa jina lake yeye mwenyewe. Na kwenye fomu ya mali ya mumewe halimo.

Hamisi, 20:15
Hapo pamekaa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi ataje mali zake, za mume au mke wake, na za watoto wa chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kwa hiyo kutolitaja ghala tayari ni kesi. Shida iko sehemu ya nane mnapompeleka mahakamani. Rais hashtakiwi kwa jinai akiwa madarakani, Ibara ya 46 ya Katiba. Mfanyeni Waziri Mkuu.

Somoe, 20:17
Nchi ni ya kubuni, Hamisi.

Hamisi, 20:18
Basi toa maneno ya wakili yanayofuata sheria zetu. Huwezi kuchukua nusu ukaacha nusu.

Mfaume, 20:19
Mfanyeni mwenyekiti wa mtaa, huyo anashtakika 😂

Zuhura, 20:19
😂😂😂

Somoe, 20:23
Jamani. Nauliza jambo moja, nani anakuja Jumamosi?

Issa, 21:58
Habari ya unyaufu nani kaiandika?

Somoe, 22:01
Mimi kaka Issa.

Issa, 22:02
Umeipata wapi?

Somoe, 22:04
Muulize mkulima yeyote, kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea.

Issa, 22:09
Gunia za mama zilipimwa mbele ya macho yangu. Niliuona mshale wa mizani. Kilo zile hazikukaukia njiani. Aliyeshika kalamu siku hiyo mnamjua, na mwanawe yumo humu anacheka.

Mfaume, 22:13
Kaka Issa, baba alishaieleza ile habari. Mbele ya wazee alieleza.

Issa, 22:14
Alieleza. Hakulipa.

Mfaume, 22:15
Ujumbe huu umefutwa

Issa, 22:15
Nimeusoma.

Zuhura, 22:31
Maikrofoni nani analeta?

ALHAMISI

Somoe, 06:50
Maikrofoni hatuna. Simu ya Zuhura inanasa vizuri, tutaizungushia kitenge upepo wa baharini usiingie. Kaka Issa, wewe ndiye Rais. Bila wewe hakuna sehemu ya saba. Naomba jibu.

Somoe, 12:37
Kaka Issa?

Rehema, 16:05
Shikamooni. Bibi Esha kaniambia nimsomee yote ya jana. Anasema niandike vilevile anavyotamka, nisiongeze:

“Wajukuu zangu. Ya Issa na baba yake Mfaume si ya kwenye simu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa waje kwangu, na huyo baba mtu aje kwa miguu yake. Sasa la mchezo wenu. Wakili anamwambia yule mwanamke hakuna wa kumlazimisha amseme mumewe, nanyi mmeandika ‘Sauda anashusha pumzi’. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, babu yenu amekaa kizimbani ananitazama. Ningelazimishwa ningeshukuru. Nilipoambiwa nichague, kila neno likawa langu, mpaka leo. Asishushe pumzi huyo.”

Hamisi, 17:40
Shikamoo Bibi.

Zuhura, 17:41
Shikamoo Bibi 🙏

Mfaume, 18:22
Shikamoo Bibi. Nitamleta baba.

Somoe, 18:30
Shikamoo Bibi. Nabadilisha usiku huuhuu. Wakili akishamaliza, Sauda hashushi pumzi. Anauliza: “Na mjane wa karani, yeye aliambiwa achague nini?”

Rehema, 18:36
Bibi anasema liandikwe hilo.

Hamisi, 18:50
Kwa sheria yale maneno ya wakili yako sawa. Sheria ya Ushahidi ya 1967, mke anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mumewe, ila kwa kawaida halazimishwi. Yaacheni. La Waziri Mkuu bado sijajibiwa.

Mfaume, 18:52
Bibi, Jumamosi ming'oko itakuwepo?

Rehema, 18:58
Anasema leta wewe.

Issa, 22:47
Kesho kwanza.

Somoe, 22:49
Sawa kaka. Basi Jumamosi ni palepale, baada ya alasiri. Kaka Issa asipofika, Hamisi atasoma ya Rais.

Hamisi, 22:55
Rais sisomi.

Zuhura, 23:10
Mimi natokea Mikindani, naweza kuchelewa kidogo. Nakwenda kutoa nakala asubuhi. Niandike Rais au Waziri Mkuu?