Naomba ushauri: nimpeleke mama Lisieux kuona nyumba ya Mtakatifu Theresia, au magoti yatatuaibisha?

Nyar_Kibuye (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Naomba mnipe mawazo, maana nyumbani kwetu tumegawanyika.

Mama yangu ana miaka 71. Jina lake la ubatizo ni Theresia, la yule mtawa Mfaransa, Mtakatifu Theresia wa Lisieux. Tangu nikiwa mdogo naiona ile picha ya mtawa mwenye msalaba na mawaridi ndani ya kitabu chake cha sala, imefungwa kwa nailoni aliyoikata kwenye pakiti ya sukari. Uso umeshafifia, lakini hataki kusikia habari ya kununuliwa nyingine. Jumapili ni Misa ya kwanza Kibuye, sare ya CWA (chama cha wanawake Wakatoliki) imepigwa pasi tangu jana yake, kisha anavuka kwenda sokoni.

Kaka yangu anafanya kazi Köln, Ujerumani. Amesema mwakani atamlipia mama tiketi akakae naye wiki mbili, na mimi niandamane naye. Mama akauliza neno moja tu: "Kutoka huko hadi kwa Theresia ni mbali?" Anamaanisha Lisieux, Ufaransa, kwenye ile nyumba aliyokulia mtakatifu, Les Buissonnets. Hapo ndipo vita vilipoanza. Kaka anasema hiyo ni nyumba tu, afadhali Lourdes, kule Ufaransa wanakohiji kwenye maji ya Bikira Maria. Dada yetu mkubwa anasema pesa hizo zichimbe kisima bomani. Mimi niko katikati kama nyama ya sambusa.

Kwa waliofika: mle ndani mna nini hasa cha kumvusha mama mzee bahari? Kuna ngazi? Magoti yake yamechoka, hata ghorofa ya kwanza kwa daktari hupanda akishika ukuta. Na viza je? Kuna wakala ametuambia tutume 60,000 kwanza, eti viza ya Ufaransa kwake ni ya uhakika. Simu ninayo mkononi, sijatuma.

Msafiri_Kondele

Weka simu chini! Nje ya ubalozi hakuna binadamu mwenye viza ya uhakika. Ada ya viza ya Schengen (ile moja inayokubalika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani na Ufaransa zikiwemo) ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukinyimwa. Hizo 60,000 ni za chai yake.

Halafu huyo wakala hata kazi yenyewe haijui. Mkikaa Köln wiki mbili na Ufaransa siku mbili, viza mnaomba kwa Wajerumani. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, basi ile utakayoingia kwanza. Viza hiyo hiyo itawafikisha Lisieux. Ila msifiche, andikeni kabisa kwenye ratiba kwamba mtapita Ufaransa kuhiji.

Kaka yako aende ofisi ya wageni ya mji wake aandikishe dhamana kwamba atawagharimia. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini anayengoja siku ya 15 ana lake jambo. Mama atalazimika kufika Nairobi mwenyewe, kwa sababu alama za vidole hazitumwi na basi.

Bonde_la_Ufa (Nakuru)

Dada, mbona ulaya yote hiyo? Mahali pa hija pa Bikira Maria pa Subukia pako hapa kwetu, ukitoka asubuhi unarudi jioni. Na Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, nyinyi wa Kisumu ni kupita Busia tu.

Nyar_Kibuye

Kaka, Namugongo ameenda mara nne, mara moja akiwa na mimba yangu, tena ile ya Juni 3 yenye watu kama siafu. Subukia mara mbili, maji ya kule bado yako kabatini na hakuna anayeruhusiwa kuyagusa. Mahali pa kusali anapo. Huyu anataka kwenda kwa mtu.

Mzee_wa_Ahero

Mimi si Mkatoliki kwa hiyo mtanisamehe. Nyumba ni nyumba. Mungu yuko hata Ahero, tena bila viza.

Katekista_Mumias

Tumsifu Yesu Kristo. Mzee wa Ahero hajakosea, lakini mama hajasema anamfuata Mungu Ufaransa. Amesema anakwenda kwa Theresia. Ukienda kumwona rafiki si unataka kuona alipolala na alipokula?

Nilifika 2019. Ni nyumba ya matofali yenye bustani, na wala si ikulu. Tena ilikuwa ya kupanga (hapo nilitabasamu, nikawakumbuka wapangaji wote wa Nyalenda). Zélie, mama yake Theresia, alifariki Agosti 1877, mtoto akiwa na miaka minne na nusu. Baba, Louis Martin, akahama Alençon na mabinti watano, akaja Lisieux kuwa karibu na shemeji yake aliyekuwa na duka la dawa. Theresia akakaa humo mpaka Aprili 9, 1888, alipoingia Karmeli, monasteri ya watawa hapo hapo Lisieux, akiwa na miaka 15. Akafa 1897 akiwa na 24. Kwa hiyo zaidi ya miaka kumi ya maisha yake ilikuwa mle.

Utaona chumba cha kulia, meza na viti. Utaona vitu vyake vya kuchezea nyuma ya kioo. Mimi nilisimama pale nikaona haya, nikajihisi kama mtu mzima aliyefungua sanduku la mtoto bila ruhusa. Kuna chumba alichougulia 1883, baada ya dada yake Pauline, aliyemchukua kama mama, kwenda utawani. Mei 13 mwaka huo aliiona sanamu ya Bikira Maria ikimtabasamia, akapona. Sanamu yenyewe sasa iko Karmeli. Nyumbani kuna nakala.

Sasa ngazi. Ndiyo, zipo, na usizichukie, maana habari kubwa ya nyumba hiyo ilitokea kwenye ngazi. Krismasi ya 1886 wanarudi kutoka Misa ya usiku, Theresia ana karibu miaka 14 lakini bado anawekewa zawadi ndani ya viatu kwenye meko kama mtoto mdogo. Baba amechoka, anasema kwa uchungu kwamba afadhali huu uwe mwaka wa mwisho. Binti yuko ngazini, anasikia. Alikuwa mtoto wa kulia kwa kila jambo, na dada yake Céline akamsihi asishuke kwanza. Akameza machozi, akashuka, akafungua zawadi zake akicheka, na baba naye akacheka. Mwenyewe aliandika kwamba usiku ule ndipo alipotoka utotoni. Kwa hiyo mama akishindwa kupanda, asimame pale chini, ashike ukuta wake, aangalie juu. Hatakuwa amekosa kitu.

Bustanini kuna sanamu ya Theresia na baba yake. Ni ile siku ya Pentekoste 1887 alipomwomba ruhusa ya kuwa mtawa. Baba alikubali, akang'oa ua dogo jeupe ukutani, likatoka na mizizi yake, akampa. Hapo pana nafasi ya kukaa na kupumua, na ndipo mimi nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Swali_Tu

Samahani kwa ujinga wangu, huyu ndiye yule Teresa wa Avila?

Katekista_Mumias

Hapana, yule ni Mhispania, alifariki 1582. Wote wawili ni Wakarmeli na wote ni Walimu wa Kanisa. Huyu mdogo alipewa cheo hicho 1997 na Papa Yohane Paulo II. Usione haya, hata katekumeni wangu huwachanganya kila mwaka.

Nesi_Kakamega

Nyar_Kibuye, kuhusu magoti. Kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege ni bure, lakini kiombeni mnapokata tiketi au angalau siku mbili kabla. Ndani ya ndege asikae tu, atembee kidogo kila baada ya muda.

Lisieux msiende na kurudi siku moja kutoka Köln, mtamuua mama. Köln hadi Paris kwa treni ni zaidi ya saa tatu, halafu mnabadilisha stesheni kwenda Saint-Lazare (chukueni teksi, achaneni na ngazi za chini ya ardhi), ndipo saa mbili hivi hadi Lisieux. Laleni huko. Siku ya kwanza Karmeli tu, kwenye masalia yake. Asubuhi yake, akiwa na nguvu, Buissonnets. Basilika iko kilimani, pandeni kwa gari. Chini yake, kwenye kripta, kuna masalia ya wazazi, Louis na Zélie, mume na mke wa kwanza kutangazwa watakatifu pamoja, Oktoba 18, 2015. Saa za kufungua nyumba hubadilika kwa misimu, kwa hiyo angalieni tovuti ya hekalu kabla ya kulipia treni.

Na mwambie mama asijilaumu kwa magoti. Theresia mwenyewe aliandika kwamba yeye ni mdogo mno kupanda ngazi za ukamilifu, akatafuta lifti, akasema lifti yake ni mikono ya Yesu. Mtakatifu wa lifti huyo!

Mzee_wa_Ahero

Hiyo ya lifti nimeipenda. Mpeleke.

Nyar_Kibuye

Nimerudi. Wakala nimemfungia namba. Kaka amekubali siku mbili za Ufaransa, Lourdes tumeiacha. Dada bado amenuna, na kisima chake tutakifanyia harambee Desemba.

Jana jioni nilimsomea mama maneno ya Katekista, nikimtafsiria Kijaluo penye ugumu. Nilipofika pale pa miaka minne na nusu aliniambia nirudie. Sikujua, wadau. Bibi yangu alifariki mama akiwa bado hajaanza shule, na miaka yote hii hajawahi kutuambia alikuwa na umri gani. Alisema tu, "Mimi nilikuwa nimemzidi kidogo," kisha akaomba kitabu chake.

Lifti imemchekesha sana. Sasa swali lake kwenu ni moja: hiyo treni ya Köln ina choo?

Msafiri_Kondele

Inacho. Mwambie abebe tishu zake.