Fire Emblem: kifo cha kudumu bado kina maana, au tunadanganyana?

MchongaRamani: Wakuu, nimemaliza tena Engage, mmoja wa michezo ya video ya vita ya Fire Emblem, na kuna jambo linanikera. Tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1990 kwenye Famicom, mashine ya Nintendo, Fire Emblem ilijulikana kwa kitu kimoja: askari wako akifa, amekufa. Sura inayofuata humwoni, hata kama ulimlea tangu hajui kushika mkuki. Siku hizi ukikosea unarudisha muda. Echoes ya 2017 ilileta gurudumu la Mila, Three Houses ya 2019, ile ambayo wewe ni mwalimu wa wanafunzi wa vita, ikaja na Divine Pulse, Engage ya 2023 nayo ina kito chake. Sasa kifo kinauma wapi? Hofu imeondolewa, limebaki jina. Casual, ile hali ambayo aliyekufa hurudi baada ya vita, siijadili, hiyo ni ya watoto. Leteni hoja.

BintiPegasus: "Ya watoto." Nilikuwa nimekuja kuchangia vizuri tu. Mkuu, niletee mtoto mmoja aliyemaliza Three Houses kwa Maddening, kiwango kigumu kuliko vyote, Casual ikiwa imewashwa, nami nitamwamkia shikamoo.

MchongaRamani: Binti, punguza jazba. Ni sentensi moja tu ile.

BintiPegasus: Sentensi moja iliyobeba dharau yote. Maddening adui anakupiga mara mbili mbili kwa sababu kasi yake imekuzidi, halafu wanaibuka wengine nyuma yako na kushambulia zamu hiyohiyo. Casual haikusaidii kushinda ramani. Inachofanya ni kumrudisha mtu baada ya vita kwisha.

shoka_butu: Mimi namshangaa mleta mada. Hicho kifo cha kudumu aliwahi kuishi nacho nani? Enzi za Game Boy Advance mtu akifa, vidole vinakwenda vyenyewe: A, B, Start, Select kwa pamoja, unaanza sura upya. Kila mtu alifanya hivyo. Waliokubali kuendelea na maiti njiani ni wachache, na nusu yao wanatia chumvi. Kurudisha muda kumetupunguzia kusubiri tu. Mnalilia kifo ambacho hakikuwepo, kama Edelgard wa Three Houses anayechoma bara zima halafu anataka apigiwe makofi.

Mzee Jagen: Nyie mlioingia na mchezo wa Awakening ndio mliotuharibia. Casual ililetwa kwa ajili yenu. Sisi tulizika watu wetu tukasonga mbele.

kimyakingi: Mzee, Casual ilianza na mchezo wa New Mystery ya 2010 kwenye Nintendo DS, ambayo haikutoka nje ya Japani. Awakening ni 2012. Na bila Awakening huu uzi usingekuwepo. Ilisharipotiwa kwamba Nintendo waliwawekea lengo la nakala 250,000. Wasipofika, mfululizo unafungwa.

Mzee Jagen: 2010, 2012, ugonjwa ni uleule. Na bora ungefungwa kwa heshima kuliko haya mambo ya kunywa chai na wanafunzi.

Asiyekufa: Mnabishana kuhusu kifo wakati mchezo wenyewe unawadanganya namba. Tangu Binding Blade ya 2002, michezo mingi ya mfululizo huu inachukua namba mbili za bahati na kutumia wastani wake. Kwenye skrini unaona nafasi ya kupiga ni asilimia 90, ukweli ni kama 98. Ukiona 75 ni zaidi ya 87. Kwa adui mwenye 20, nafasi yake halisi ni kama 8. Yaani wanakubeba mgongoni, halafu mnalia eti mchezo mkatili.

shoka_butu: Hiyo 98 ndiyo ileile iliyonikosesha mara mbili mfululizo kwenye sura ya mwisho? Acha hizo.

Asiyekufa: Asilimia mbili ni asilimia mbili. Hesabu haina chuki na wewe.

shoka_butu: Na mimi sina chuki na hesabu. Nina chuki na yule mpiga upinde.

Mzee Jagen: Thracia 776, mwaka 1999, mchezo wa mwisho wa Kaga, muasisi wa mfululizo, kabla hajaondoka. Namba moja tu. Uwe bora vipi, nafasi ya kupiga haizidi 99. Hata fimbo ya kuponya inaweza kukosa. KUPONYA! Hapo ndipo utajua kamanda ni nani.

BintiPegasus: Fimbo ya kuponya kumkosa mtu aliyesimama pembeni yako, na Mzee anaita hiyo ukamanda.

Lango la Mashariki: Narudi kwa shoka_butu. Umesema Edelgard anataka apigiwe makofi. Ulicheza njia yake, au ulisimuliwa? Huyu ni binti aliyefanyiwa majaribio utotoni akiwa mfungwa, ndugu zake wakaangamia, akatoka na Crest mbili mwilini, zile nguvu za kurithi kwa damu. Anataka kuvunja utaratibu ambapo usipozaliwa na Crest hufai kitu. Kosa lake liko wapi?

shoka_butu: Kosa lake ni kuvamia nchi mbili ambazo hazikumfanyia hayo majaribio. Na anashirikiana na walewale waliomfanyia.

Lango la Mashariki: Kwa muda! Baadaye anawageukia.

shoka_butu: Anawageukia wapi? Kwenye Crimson Flower, njia yake, hizo vita zinamalizwa kwa maandishi ya mwishoni. Njia nzima ina sura 18, ya Dimitri, kiongozi wa nyumba nyingine, ina 22. Hata waliomtengeneza walichoka naye.

Lango la Mashariki: Hilo ni tatizo la waandaaji, si la Edelgard. Usihukumu mtu kwa bajeti.

BintiPegasus: "Usihukumu mtu kwa bajeti." Nimecheka peke yangu hapa.

Mgeni_Fodlan: Jamani, wengine bado tuko kwenye njia ya Claude, kiongozi wa nyumba ya tatu. Mngeweka hata onyo.

Lango la Mashariki: Mchezo ni wa 2019, ndugu.

kimyakingi: Kwa kuwa mmefika Three Houses, mimi naona jibu la mleta mada limo humohumo. Mwanafunzi wa nyumba nyingine uliyeshindwa kumvuta upande wako, miaka mitano baadaye unakutana naye uwanjani akiwa adui. Ulimnywesha chai, ulimrudishia kitu chake alichopoteza, sasa lazima umuue, la sivyo akuue. Divine Pulse haifiki huko. Inarudi zamu chache ndani ya vita, hairudi miaka mitano. Kifo kimehama kutoka kwenye kete kwenda kwenye uamuzi uliofanya zamani bila kujua. Kwangu hicho kinauma kuliko Thracia nzima.

Mzee Jagen: Kuliko Thracia NZIMA? Umecheza sura ngapi za Thracia wewe?

MchongaRamani: kimyakingi, hoja nzuri, lakini hiyo ni hadithi. Mimi nazungumzia ramani. Conquest, toleo moja la mchezo wa Fates, ile sura ya 10 ya kulinda bandari, Takumi wa upande wa maadui anakausha maji katikati ya ulinzi, njia ambazo zilikuwa zimefungwa zinafunguka zote. Pale nilihesabu kila mraba. Three Houses ramani zinajirudia, halafu ukitaka kuona njia nyingine unapita sura 12 za mwanzo karibu zilezile, unakimbia monasteri nzima wanakosoma kuokota vitu vya watu.

Lango la Mashariki: Conquest? Unasifu mchezo ambao hadithi yake Corrin, mhusika mkuu, anatii mfalme ambaye hata kuku angejua ni mwovu, halafu Edelgard ndiye tatizo?

MchongaRamani: Nani kamtaja Edelgard? Nimesema RAMANI.

shoka_butu: Mimi nilimtaja. Na narudia.

Asiyekufa: Kwa taarifa tu, Fates ilibadilisha hesabu tena. Chini ya 50 wanatumia namba moja. Kwa hiyo hiyo hofu ya Takumi ina msingi.

MchongaRamani: Basi swali nilibadilishe: kati ya ramani na hadithi, Fire Emblem ichague kipi? Maana Engage ilichagua ramani, watu wakalalamika hadithi ni nyepesi. Three Houses ilichagua hadithi, ninalalamika mimi.

BintiPegasus: Kwanza ufute neno "watoto" kwenye ujumbe wako wa kwanza. Ndipo nitajibu.

Mgeni_Fodlan: Samahani, dada yangu anataka kuanza mfululizo huu. Aanze na ipi?

Mzee Jagen: Thracia 776.

kimyakingi: Mzee, haijawahi kutoka rasmi kwa lugha nyingine zaidi ya Kijapani.

Mzee Jagen: Basi aanze na Kijapani.