Nimebadilisha mstari mmoja, Git inasema 412

kondele_kodi:
Wadau nisaidieni, niko na skripti ya bash ya kubakapu rekodi za duka letu hapa Kondele, imekuwa ikirun poa kwa seva ya Linux tangu mwaka jana. Juzi jamaa yangu wa Nakuru akaifungua kwa laptopu yake ya Windows akabadilisha jina la folda, mstari mmoja pekee, akapush. Sasa Git (ile programu tunatumia kufuatilia mabadiliko ya kodi) inaonyesha mistari 412 imebadilika, yaani faili yote, na nikirun naambiwa `/bin/bash^M: bad interpreter`. Hiyo ^M nimeitafuta kwa edita siioni, ni virusi ama?

fundi_nax:
Si virusi omera 😂 Windows humaliza mstari kwa vitu viwili visivyoonekana, CR na LF (baiti 13 na 10), Linux ni LF tu. Ni mambo ya taipuraita, zile za wazee wanaotaipu barua nje ya korti, unarudisha kibebea karatasi mwanzo (hiyo ni CR) halafu unasogeza karatasi (hiyo ni LF). Sasa Linux inadhani CR ni sehemu ya jina inatafuta programu haiko. Run `cat -A backup.sh | head`, ukiona ^M$ mwisho wa mstari ni hiyo CR.

kondele_kodi:
Ziko kila mstari!! Nikimwambia atumie edita ingine itaisha?

mama_seva:
Haitaisha, kesho atakuja mwingine. Na msikimbilie kulaumu autocrlf pia (setingi ya Git ya kubadilisha miisho ya mistari), hiyo ikiwa true kwa Windows inarudisha LF mtu akikomiti, so kama CRLF (yaani CR na LF pamoja) imefika hadi kwa ripo, pale Git inahifadhi kodi, basi kwake imezimwa. Angalia na `git ls-files --eol`, utaona i/crlf. Weka faili ya `.gitattributes` (sheria za Git kwa faili za ripo) iwe na `*.sh text eol=lf`, uiadd na `git add .gitattributes`, halafu `git add --renormalize .` irekebishe miisho, ukomiti. Hiyo inafuata ripo, setingi ya mtu haijalishi. Kuona alichobadilisha kweli tumia `git diff --ignore-space-at-eol`.

kondele_kodi:
Asante mum, imekubali. Pull ilinikataa kwanza juu nilikuwa nimeshapitisha sed (amri ya kubadilisha maandishi) kwa seva kutoa hizo ^M, ikabidi `git checkout -- backup.sh` kutupa hayo mabadiliko ndio ikaingia. Na ile diff imeonyesha kumbe jamaa alibadilisha mistari miwili, si mmoja, huo wa pili ataniambia vizuri