Vifaranga vya kware vinazama majini, nifanyeje?

kware_jinja: Jamani nisaidieni, mayai 40 kwenye inkubeta yametotoa 22 siku ya 17, leo asubuhi nakuta sita wamekufa ndani ya kisahani cha maji, roho inaniuma kweli. Na mbona majike hayaatamii mayai?

mama_tororo: Pole sana ndugu yangu. Kifaranga cha kware ni kama kidole gumba tu, jaza changarawe kwenye kisahani anywe katikati ya mawe.

mfugaji_mbale: Kware wa kufugwa wengi hawaatamii kabisa, usiwangoje. Wiki ya kwanza joto nyuzi 35 halafu unashusha polepole, na umeme ukikatika funga chupa za maji moto kwa kitambaa uwawekee.

kware_jinja: Changarawe nimeweka, wote 16 wanakunywa vizuri, asanteni sana.